Nilibonyeza Ruhusu kwa Huruma

Gauni lilinipiga usoni kabla sijamaliza kusema karibu.

Gauni jeupe la harusi! Nililolishona kwa mikono yangu, lesi juu ya lesi, ua juu ya ua... likanifunika kichwa chote, nikabaki gizani nasikia matusi tu.

"Mwizi! Bibi mzima, kichwa kizima mvi, mwizi!"

Nikalivua taratibu, maana lina shanga, nisije nikazikata. Mbele yangu amesimama bibi harusi wangu. Macho mekundu, simu mkononi.

"Tazama! Tazama mwenyewe!"

Nikavaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na picha ya sanamu la dukani, lile duka kubwa la nguo la mtaa wa pili. Sanamu limevaa gauni langu. Sisemi linalofanana. LANGU. Kola ile ile, na maua yale yale yanayopanda kutoka kiunoni mpaka begani.

"Uliniapia hili ni langu peke yangu! Kumbe umewapa na wengine. Wageni wameniuliza mbele ya wakwe zangu nimelikodi wapi!"

"Mwanangu, mimi sijampa mtu..."

"Usiniite mwanao! Nakuposti sasa hivi. Watu wakujue ulivyo."

Na akaposti kweli, wajukuu zangu.

Mnaonisoma hapa, wengine wenu mliiona ile picha yangu. Wengine mlinitukana kwenye komenti. Nilizisoma zote, hata ya yule aliyeniambia nikashone sanda yangu. Leo nawasimulia kilichotokea. Someni mpaka mwisho, halafu mkitaka kutukana tena, uwanja ni wenu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, sebuleni, cherehani upande wa dirisha na kompyuta upande wa kabati. Kompyuta aliniletea mwanangu, dereva wa malori, ili nichore mitindo yangu bila kuumiza mgongo. Nikazoea. Kila gauni nalichora mara moja tu, kwa mtu mmoja tu. Hilo ndilo jina langu kwenye ufundi, na sina jingine. Likiharibika, hakuna atakayeniletea hata kipande cha kitambaa.

Mwanangu akiwa safarini, nyumbani tunabaki wawili, mimi na mke wake.

Huyu mkwe wangu, mtaani wanamwita Msumari. Hawakumwonea. Neno lake likitoka, linaingia mpaka kwenye mfupa.

"Mama, mbona unashona umekaa kama kuku aliyenyeshewa? Nyoosha mgongo!"

Huku ananisukumia mto nyuma ya kiuno.

"Mama, utapofuka na hiyo taa ya huko mbali, halafu mzigo uwe wangu!"

Huku ameshaivuta taa karibu na kitambaa.

Majirani walisikia maneno. Mto na taa, mimi peke yangu niliviona.

Halafu kuna Kipenzi, binti wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mimi. Huyu ni wa aina nyingine kabisa. Akiingia mlangoni ni mabusu, ni "mama mkubwa wangu, mrembo wangu, nimekuota." Alikuwa akiniambia bado anahangaika kutafuta kazi. Lakini hakosi zawadi. Wakati fulani aliniwekea kwenye kompyuta programu inaitwa Maua ya Kila Siku. Ukiiwasha kompyuta asubuhi, unakuta ua jipya limechanua kioo kizima! Nilikuwa namwita hata muuza maji aje aone.

"Hii ndiyo heshima ya mtoto aliyelelewa vizuri," nilikuwa nasema.

Msumari anaguna tu.

Basi, siku ile ya gauni usoni, Kipenzi alifika bibi harusi ameshaondoka. Akanikumbatia. Akalia kuliko mimi.

"Mama mkubwa, kompyuta yako anaigusa nani?"

"Mimi. Na mkwe wangu, akiangalia mambo ya ofisini kwake."

Kipenzi akanitazama kwa huruma, akashusha sauti.

"Basi jibu si unalo?"

"Jibu gani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Msumari! Amesimama na mifuko ya sokoni mikono yote miwili.

"Nauliza, jibu gani? Maliza sentensi yako, mwanamke!"

"Mwenye kosa hajifichi," Kipenzi akasema. "Hapa sijamtaja mtu, mbona umejibu?"

"Nimejibu kwa sababu hapa tuko watatu na mama hajiibii! Mimi hata kifungo sijui kukaza, niibe mchoro wa gauni niupeleke wapi? Nikauvae kichwani?"

"Watu wanauza..."

"Wewe umejuaje watu wanauza?"

Nikapiga mkasi mezani.

Msumari akaweka mifuko chini.

"Mama, kama hakuna aliyevunja mlango, wizi unapitia kwenye kompyuta. Tuweke fayawoli."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni programu, mlinzi wa getini. Kompyuta yako ina mmoja aliyekuja nayo, ila huyo anazuia wanaoingia bila kualikwa. Aliyeko ndani akitoka na mzigo kichwani, hamuulizi kitu. Tuongeze mwingine anayewauliza na wanaotoka."

"Jamani, na mimi nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo!" Kipenzi akadakia. "Niachie mimi, mama mkubwa. Nakuletea nzuri."

Kesho yake akaja na flashi. Msumari naye alikuwa ameshachagua ya kwake. Wajukuu zangu, mliwahi kuona watu wakigombania mlinzi asiye na mwili? Sebule ilikuwa kama soko.

"Ya kwangu ni ya kimya," Kipenzi akasema. "Ukishaiweka umeisahau. Inajua yenyewe nani mzuri nani mbaya. Haimsumbui mtu."

"Ya kwangu inasumbua," Msumari akasema. "Kila programu ikitaka kutoka, inasimamishwa. Inakuuliza, huyu aende au asiende?"

"Kila programu? Utamuua bibi wa watu kwa maswali!"

"Afe akiuliza, kuliko aibiwe kwa starehe!"

"Unaona anavyokuombea kifo, mama mkubwa?"

Nikawaza. Miaka yote nimeuliza vipimo. Mteja akiniambia "wewe shona tu, unanijua", najua gauni hilo litarudi. Huyo mlinzi wa kimya, nitajuaje kama amelala?

"Nachukua hii ya maswali," nikasema.

Kipenzi akatabasamu. Lakini flashi aliirudisha mkobani kwa nguvu mpaka zipu ikakwama.

Sasa hapa, wajukuu zangu, ndipo nilipoharibu.

Maswali yalianza siku ile ile. Kidirisha kinatokea pembeni, maandishi madogo kama chawa: programu fulani inataka kutoka, Ruhusu au Kataa?

Mimi nimelelewa kutomfungia mtu mlango usoni. Mtu ameomba kwa adabu, ameandika jina lake, nimwambie Kataa? Moyo hauna nguvu hizo. Na chini kuna kiboksi kinauliza kama jibu langu likumbukwe daima. Nikaona vyema, maskini, asipate tabu ya kuomba tena.

Ruhusu. Daima.

Ruhusu. Daima.

Hata kusoma sikusoma. Nilikuwa nabonyeza kwa huruma.

Haukupita muda, mteja wangu mwingine akasimama mlangoni. Hakupiga kelele, akaniomba kitambaa chake tu. Mchoro wake, ambao sikuwa hata nimeukata, ulikuwa umeshaning'inia kwenye lile duka la mtaa wa pili...

Msumari alifungua orodha ya niliowaruhusu. Akaiteremsha mpaka chini.

"Mama... umeruhusu wote?"

"Waliomba vizuri."

"WALIOMBA VIZURI? Mama, hii ni fayawoli, si msibani! Umeweka mlinzi halafu umemkabidhi kila mpita njia funguo!"

Kipenzi naye akapata pa kusimama.

"Umeona? Fayawoli kaleta yeye, na wizi unaendelea. Anakuchezea, mama mkubwa. Nimeshampigia kaka."

Na kweli, simu ikaita. Mwanangu, sauti imechoka, injini inanguruma nyuma.

"Mama, nimesikia mambo. Kama ni kweli, mke wangu aende kwao mpaka nirudi."

Msumari alikuwa pembeni yangu. Alisikia kila neno.

Yule mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu akageuka, akaingia chumbani. Nikasikia kabati linafunguliwa, nguo zinatupwa begini. Kipenzi akanibusu shavuni.

"Umefanya vyema, mrembo wangu. Kesho nakuja kukaa na wewe."

Akaondoka anaimba.

Msumari akatoka na begi lake, akaliweka mlangoni. Nikadhani anaaga. Badala yake akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nafuta majibu yako yote. Mlinzi aanze upya." Anagonga vitufe kama anawapiga makofi. "Na maandishi nimekukuzia. Nilijua husomi kwa sababu huoni, na kwa kiburi chako huwezi kusema. Sasa soma! Usibonyeze kwa huruma. Mimi sitakuwepo kukupigia kelele."

Nikatazama kioo. Herufi zilikuwa kubwa kama vibao vya barabarani.

Wajukuu zangu... mtu amefukuzwa kwa wizi. Begi lake liko mlangoni. Na yeye amekaa ananikuzia maandishi.

Akanipisha kiti. Nikaufungua mchoro niliokuwa naufanyia kazi, nikaurekebisha mkono kidogo, nikauhifadhi. Nilitaka tu vidole viwe na kazi nisilie mbele yake.

Kidirisha kikatokea.

MAUA YA KILA SIKU INATAKA KUTUMA NJE FOLDA YA MICHORO.

Chini yake majibu manne. Ruhusu mara hii. Ruhusu daima. Kataa mara hii. Kataa daima.

Nikasoma. Nikafuta miwani kwa khanga, nikasoma tena.

Ua linataka kutoka na magauni yangu. Ua linakwenda wapi na magauni?

Nikakumbuka yule mtoto alivyoinama hapa hapa, ameniwekea maua, amenibusu utosini. Nikakumbuka na ile zipu iliyokwama.

Msumari alikuwa ameinama nyuma yangu. Alikuwa amesoma. Nikamwona anavuta pumzi, mdomo unafunguka...

"Rudisha begi chumbani," nikamwambia. "Na ufunge mdomo, kwa mara ya kwanza katika maisha yako."

"Mara ya pili," akasema, machozi yanamtoka. "Mara ya kwanza nilifunga mwanao alipoleta posa. Ona nilipofika!"

Nikabonyeza Kataa mara hii.

Halafu nikakaa, nikachora gauni.

Lilikuwa gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Mgongo wazi wa lesi, mkia mrefu, mikono mirefu ya kubana yenye maua mpaka kiganjani. Lakini mikono ile, wajukuu zangu... fundi anayeijua kazi atanielewa. Mkono wa kushoto na wa kulia haikatwi sawa. Kila mmoja una mbele yake na nyuma yake. Mimi nikachora mkono wa kushoto. Halafu nikachora mwingine wa kushoto. Nikaandika pembeni: kata kama ilivyo.

Nikampigia Kipenzi.

"Mwanangu, usije kwanza, nataka kukaa peke yangu. Nimechora gauni la kufungia kazi. Baada ya hili, naacha ufundi."

"Jamani, mama mkubwa! Linaonekanaje?"

"Utaliona."

Nikauhifadhi mchoro. Kidirisha kikaja, na herufi zake kubwa. Ua linaomba kutoka.

Nikabonyeza Ruhusu mara hii.

Msumari akashika kichwa.

"Mama! Umemruhusu TENA?"

"Safari hii nimesoma."

Hazikupita wiki nyingi, duka la mtaa wa pili likatundika tangazo. Siku ya maonyesho, njooni mumwone mbunifu wetu mpya akiwa ndani ya kazi yake mwenyewe!

Tulikwenda, mimi na mkwe wangu. Mchana kweupe, duka limejaa, viti vimepangwa, wanawake na mikoba yao mizuri. Msumari alipotea kidogo, akarudi anamvuta mtu. Yule bibi harusi wangu!

"Umemleta vipi?" nikamnong'oneza.

"Nilimpigia nikamtukana kidogo. Akaja ili anitukane na yeye."

Pazia likafunguliwa. Mwenye duka, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akasema kwa fahari, "Mbunifu wetu!"

Akatoka Kipenzi.

Amevaa gauni langu. Nisiseme uongo, alipendeza. Kwa hatua chache za mwanzo, alipendeza mpaka moyo ukaniuma.

Watu wakapiga makofi. Akataka kuwapungia.

Mkono wa kulia ukakataa.

Akajaribu tena. Bega likavuta, kola ikapanda mpaka sikioni, maua ya mkono yakageukia ndani. Akacheka kidogo. Akajaribu kwa nguvu. Krrr! Mshono wa kwapani.

Makofi yakakatikia njiani.

Nikasimama. Magoti yangu hayana haraka, wakanisubiri.

"Mwanangu," nikasema, "nyanyua mkono wa kulia."

Aliponiona, uso ukamkauka.

"Mama mkubwa... umefika saa ngapi?"

"Nyanyua mkono."

"Huyu ni nani?" mwenye duka akauliza.

"Mimi ndiye ninayemchorea mbunifu wako," nikasema. "Gauni hili nimelichora mimi, na nikaliwekea mikono miwili ya kushoto. Makusudi. Mchoro una jina langu, tarehe yake, na uko nyumbani kwenye kompyuta yangu. Mwulize yeye, mkono wa kulia ameusahau wapi?"

Mkataji wa duka, tepu shingoni, akasema kutoka nyuma, "Mimi nilisema hii mikono ina walakini! Nikaambiwa mbunifu ameandika kata kama ilivyo, nisiulize maswali."

"Hii ni fitina!" Kipenzi akapayuka, na sauti ile tamu haikuwepo tena. "Kizee hiki kinanionea wivu! Kinachora kwenye kona ya sebule, nani angeyaona hayo magauni? MIMI ndiye niliyeyatoa yakaonekana! Na ulibonyeza Ruhusu mwenyewe, ulibonyeza mwenyewe!"

Duka zima likasikia. Naye mwenyewe akasikia alichosema, maana alifunga mdomo kwa mkono. Wa kushoto.

"Nilimruhusu nani atoke na magauni, mwanangu?" nikauliza polepole.

Mwenye duka alikuwa amegeuka rangi. "Uliniapia ni kazi yako. Ingia nyuma. Livue. Na usirudi hapa."

Bibi harusi wangu alikuwa analia. Akanijia, akataka kupiga magoti, nikamshika.

"Bibi, nilikurushia gauni usoni..."

"Lakini ulilirusha vizuri, mwanangu. Hakuna shanga hata moja iliyotoka."

Alifuta ile posti, akaandika nyingine. Ndiyo maana baadhi yenu mmekuja hapa kuniomba radhi. Nimewasoma, na ninyi pia. Hata yule wa sanda, karibu, nitakushonea shati.

Mwanangu alipiga simu kumwomba msamaha mke wake. Msumari alimweka loudspika, akaenda kuoga. Mwanangu akaomba radhi mbele ya sufuria na mimi mpaka alipotoka.

Kipenzi alikuja baadaye. Alisimama mlangoni na maua, ya kweli safari hii, mekundu, yana harufu. Mashavu yamebonyea.

"Mama mkubwa, mrembo wangu... umenilea wewe. Nifungulie."

Nyuma yangu sauti ya Msumari.

"Kataa daima, mama. DAIMA!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Mnanijua. Huruma yangu mmeiona. Nikamtazama yule mtoto, nikayatazama maua yake, nikasoma herufi zote zilizokuwa usoni kwake, taratibu, bila kuruka.

"Leo hapana, mwanangu. Siku utakayokuja mikono mitupu, bila zawadi, bila mabusu, useme tu ulichofanya... siku hiyo gonga tena."

Nikafunga mlango. Nikalia, lakini nikafunga.

"Hiyo ni Kataa mara hii!" Msumari akang'aka. "Mama, wewe huponi!"

Wajukuu zangu, mkichagua mlinzi wa kompyuta zenu, chagueni anayewauliza, hata akiwachosha. Halafu someni swali kabla ya kujibu. Na nyumbani kwenu pia, msikimbilie kumpenda asiyewasumbua. Mimi nilikuwa na mmoja wa kunibusu na mmoja wa kunifokea, na nilikaribia kumfukuza aliyekuwa analinda geti.

Niishie hapa. Nimeandika haya tangu mchana, sasa jua limeshuka na nimesahau taa. Nasikia miguu yake inakuja kutoka jikoni.

"Mama! Tena unaandika gizani? Hayo macho umeyaazima?"

Ameshaivuta taa karibu.